Upepo na Kidonge cha Asubuhi

9 Februari

Dada yangu mpenzi,

Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, na hofu yangu yote iko kwenye hiyo nyonga yako. Barua yako ilinifikia wiki mbili zilizopita na nilikaa kuijibu siku ileile, ila nilipokwenda kutafuta kalamu nikakuta kabati la jikoni liko wazi, nikaanza kulipanga, na kalamu nimeipata leo. Ilikuwa kwenye friji. Usiniulize.

Sasa nisikilize. Umesema watakupasua mwezi wa Mei na kwamba wiki nane hutainua hata ndoo, kwa hiyo Mama atahitaji pa kukaa. Dada, Mama aje kwangu. Usimpeleke kwa wifi. Wifi ni mtu mwema sana kwa watu wa mbali, lakini unajua Mama akifikisha siku ya pili pale anaanza kuongea na ukuta, maana ukuta haumkatizi. Mimi nina chumba cha uani, kina dirisha, nimeshaanza kukipaka rangi. Kuta mbili bado, kwa sababu rangi iliniishia, nikatoka kununua nyingine, njiani nikakutana na fundi wa vifungo wa karakana yetu ya ushonaji, yule mwenye sauti kama kengele, akanisimulia habari za binti yake aliyefaulu, nikarudi nyumbani na vitunguu.

Najua unachofikiria. Unaifikiria ile siku ya kliniki. Mimi pia naifikiria kila siku ya Mungu, na kwenye sala ndiyo kabisa. Nakuomba tu usinihukumu kwa

Nimerudi. Maharage yameungua, Mungu ayarehemu. Nilikuwa nasema nini? Mama aje kwangu.

Mdogo wako,
Upepo


20 Februari

Mdogo wangu,

Nimemsomea Mama barua yako mara mbili, maana aliomba nirudie pale penye friji. Amecheka mpaka akashika mbavu. Alipokupa jina la Upepo ungali mtoto hakukosea. Mimi sikucheka.

Nitasema waziwazi, tusije tukazungukana. Miaka mitatu iliyopita ulimpeleka Mama kliniki kwa ajili ya presha yake. Ukamkalisha kwenye benchi, ukamwambia, "Usiondoke hapa," ukavuka barabara kununua dawa. Dawa ukazipata. Kisha ukapanda gari ukaenda nyumbani na dawa za Mama, bila Mama. Mlinzi ndiye aliyemkuta jioni wakati wa kufagia, bado amekaa na mkoba mapajani, hajala kitu. Mama anasema alipumzika. Mimi sijapumzika tangu siku ile.

Sisemi humpendi. Nasema mapenzi hayamkumbushi mtu dawa. Mama anameza vidonge viwili asubuhi na kimoja jioni. Akikosa dawa siku mbili, kizunguzungu kinamwangusha, na mifupa ya miaka sabini na mitatu haiungwi kwa "samahani".

Kwa hiyo nimemwomba wifi amchukue. Ila neno la mwisho nitalitoa mwisho wa Aprili. Una miezi miwili. Maliza chumba. Fanya kazi bila kuitwa ofisini kwa makosa. Na niandikie tarehe ishirini ya mwezi, si siku utakayoiona kalamu.

Dada yako


20 Machi

Dada mpendwa,

Leo ni tarehe ishirini, kama ulivyoagiza.

Chumba kimekamilika. Kuta zote nne zimepakwa rangi. Nimeweka kitanda kifupi ili Mama asipate tabu kushuka. Bafuni nimefungisha chuma cha kushikia. Kazini sijaitwa ofisini mwezi mzima. Msimamizi amenirudisha kwenye meza ya kukata vitambaa, aliyoniondoa mwaka jana. Ratiba ya dawa za Mama nimeiandika kwa herufi kubwa na kuibandika ukutani.

Namwomba Mungu akupe nguvu. Msalimie Mama.

Mdogo wako


2 Aprili

Mdogo wangu,

Ni nani anayekuandikia barua?

Mwandiko ni wako, sikatai. Lakini maneno ni ya karani wa serikali. Nilipomsomea Mama alisema, "Mwanangu wamemfanya nini?" Barua nzima haina kitunguu, haina jirani, haina kilichoungua! Ulikuwa ukituletea soko zima kwenye bahasha, leo umetuletea risiti.

Kama kuna mwanamume anayekusimamia begani, sema. Una miaka sita ya ujane, hakuna atakayekulaumu, ila nataka kumjua kabla Mama hajalala chini ya paa lake. Na kama unaumwa, sema pia. Jibu upesi.

Dada yako


10 Aprili

Dada yangu,

Mwanamume! Nilicheka mpaka fundi wa vifungo akaninyang'anya barua aone kuna nini. Hakuna mwanamume. Kuna kidonge.

Tafadhali hii usimsomee Mama.

Barua yako ya Februari iliniuma, na ilinistahili. Nilikwenda hospitali nikamwambia daktari, ni mwanamke, kwamba kichwa changu kina tundu, kila ninachotia kinavuja. Sikutegemea atanichukulia kwa uzito. Akaniuliza, "Ulikuwa hivi tangu utotoni?" Nikamweleza ya shule, mwalimu alivyokuwa akiandika kila mwaka kwenye ripoti: mpole, mvivu, anaota ndoto mchana. Akaniita mara tatu. Mara ya pili akasema nije na mtu anayenijua. Nikaenda na fundi wa vifungo, naye akajibu yote aliyoulizwa na mengi ambayo hakuulizwa.

Mwishowe daktari akaniambia si uvivu, si ujinga, wala si jini. Akasema ni namna ubongo wangu ulivyoumbwa, umakini hausimami pale ninapouweka. Watu wanawajua wale wanaorukaruka hawatulii. Kumbe tupo na sisi wa kimya: mwili umekaa kitini kwa adabu, akili imeshatoka mlangoni. Akanipima presha na moyo, akanipa kidonge kimoja kila asubuhi baada ya chai.

Hakileweshi, Dada. Hakinichangamshi wala hakinilazi. Mdomo unakauka na chakula cha mchana nakila kwa kujilazimisha. Lakini siku ya tatu, nimeshika mkasi, nikasikia kimya. Unajua umeme unapokatika na redio zote za majirani zikazimika kwa pamoja? Ndipo unapojua kumbe zilikuwa zikipiga kelele siku zote.

Na siku hiyo nilisali sala moja tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Sikutoka. Nina miaka arobaini na saba, Dada, sijawahi. Nikimtaja tu Mungu, najikuta niko kwenye pindo la gauni la mtu, niko sokoni, nagombana na marehemu mume wangu kuhusu bati. Nilikuwa naamini Mungu ananivumilia tu, kama watu wanavyomvumilia mgeni asiyejua kuaga. Siku hiyo nililia kwa furaha.

Kisha nikaingiwa na hofu. Ni nani aliyesali pale, mimi au kidonge? Na kama ni kidonge, sala zangu zote za nyuma zilikwenda wapi?

Sikukuambia kwa sababu namkumbuka mjomba aliyeugua akili na vidonge vyake vya kichwa, na tulivyokuwa tukimwiga nyuma ya mlango. Mimi na wewe.

Hilo la sala nimelipatia wazo. Likifaulu nitakueleza.

Mdogo wako,
Upepo


17 Aprili

Upepo,

Barua yako nimeisoma nimesimama, kwa hiyo nyonga imeniuma mara mbili.

Kwanza nilikasirika. Vidonge vya kichwa, na umemficha dada yako! Nikamwita muuguzi anayekaa nyumba ya pili, nikamwuliza kama mdogo wangu amekuwa kichaa. Akaniuliza maswali matatu. "Anapimwa presha? Anakula? Anameza kama alivyoandikiwa?" Nikasema sijui. Akasema, "Basi Mama Mkubwa, muulize hayo. La ukichaa liache." Kwa hiyo nakuuliza hayo.

La mjomba umenishika. Nililisahau, au nilijisahaulisha.

La sala siwezi kukujibu, mimi ni mtu wa kupika na kufua. Ila neno "wazo" kwenye mkono wako linanitisha. Usifanye ujanja na dawa. Umeandikiwa kila asubuhi, meza kila asubuhi. Ukifika mwisho wa mwezi bila kosa, Mama ni wako. Wifi ameshakubali na kitanda ameshatandika, kwa hiyo nikimkatalia nataka niwe na sababu. Usiniangushe.

Mama sijamsomea. Aliuliza barua imesema nini, nikamwambia ni salamu. Akasema, "Kurasa nne za salamu!"

Dada yako


28 Aprili

Dada,

Nimekata mbele themanini, zote za kushoto.

Ngoja nieleze, maana wewe si mtu wa mkasi. Tulipewa kazi ya makoti arobaini ya wauguzi. Koti linafunguka mbele, kwa hiyo kila moja lina kipande cha mbele cha kulia na cha kushoto. Kitambaa chenyewe kina uso unaong'aa na mgongo uliofifia. Unakitandika mezani matabaka matabaka, moja uso juu, linalofuata uso chini, ili ukipitisha mkasi mara moja vipande vitoke viwili viwili, kulia na kushoto. Kila mkataji analijua hilo kabla hajajua kushika chaki. Mimi nilisimamia matabaka yote yakatandikwa uso juu. Nikakata. Nilikuwa nawaza sijui nini.

Msimamizi akaja, akainua kimoja, akainua cha pili, akavipanga kama karata. Akasema, "Hawa wauguzi wako wana kifua upande mmoja?" Karakana nzima ikacheka. Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe. Kisha nikamwona mwenzangu wa kutandika, mtu mzima mwenye wajukuu, ameweka mkono mdomoni, anangoja lawama zimwangukie. Nikasema, "Kosa ni langu. Yeye alitandika kama nilivyomwelekeza." Nikaitwa ofisini. Meza ya kukata nimenyang'anywa, nimewekwa kwenye kushona mapindo.

Sasa lile baya zaidi. Siku hiyo nilikuwa sijameza kidonge. Ilikuwa siku ya nne. Lile wazo langu lilikuwa nikae siku saba bila dawa, nikaziita mfungo. Nilitaka nimwendee Mungu kwa miguu yangu mwenyewe, nijue kama nitafika. Daktari sikumwuliza. Barua yako ya kunikataza ilinikuta siku ya pili. Niliisoma, nikaikunja, nikaendelea. Kwa hiyo Dada, hapa usiseme Upepo kasahau. Sikusahau. Nilikusudia.

Na sala za siku zile nne? Tangu neno la kwanza nilikuwa sokoni.

Nimerudi kwa daktari na kumwambia yote. Hakunigombeza. Alisema nikitaka kupumzika dawa tupange pamoja, na kwamba maswali ya Mungu hayapimwi kwa mkasi wa kazini. Nimeanza tena kumeza. Presha yangu iko sawa, na chakula nakula.

Ungeweza usijue kabisa. Barua ya kusema "kazini sijaitwa ofisini" niliiandika, ilikuwa nzuri, imenyooka. Nimeichana. Mwezi haujaisha na nimekosea, na makubaliano ni makubaliano. Mpeleke kwa wifi. Nitakuwa nakwenda kumtembelea, ili apumzike na ule ukuta.

Mdogo wako


5 Mei

Mdogo wangu,

Mama atapanda gari la asubuhi tarehe kumi na sita. Kampokee mwenyewe, ufike kabla yake.

Usinishukuru bado, nisome kwanza. Ile siku ya kliniki, nilipokuuliza imekuwaje, ulianza na foleni barabarani, ukaja na duka la dawa lililojaa, ukaja na mlinzi. Ilinichukua mwezi mzima kuupata ukweli, kipande kwa kipande. Hilo ndilo lililoniuma, kuliko hata benchi. Safari hii umeniletea mwenyewe, sikukuvuta, na ulijua utalipoteza ulilokuwa ukililia. Mtu anayekosea akasema, naweza kumwachia mzazi. Anayekosea akafunika, hata akikosea mara moja kwa mwaka, simwachii paka. Wifi nimeshamwambia. Amenuna, itampita.

Masharti: daktari wako umwambie kwamba sasa una mzee nyumbani. Dawa za Mama zikae kwenye kisanduku chenye vyumba vya siku. Na kama kuna siku umekosea, niandikie siku hiyohiyo.

Barua zote nimemsomea Mama, kuanzia ile ya mwanamume. Kwenye wauguzi wenye kifua kimoja alicheka mpaka akakohoa. Pale penye sala hakucheka. Akaniambia, "Soma tena." Nikasoma. Akatoka nje akaacha chai yake.

Na mimi nikuambie langu. Operesheni hii naiogopa. Watu wote nimewaambia ni jambo dogo. Lakini juzi nimezipanga nguo zangu mafungu mafungu, kila fungu na mtu wa kupewa, nikaketi kitandani nikayatazama. Fungu lako ndilo kubwa. Niombee. Kwa kidonge au bila kidonge, sijali, niombee tu.

Dada yako


21 Juni

Dada yangu mpenzi,

Mungu ni mkubwa! Habari kwamba umetembea hatua ishirini na magongo imefika, na Mama amezipiga hatua zote ishirini sebuleni kumwonyesha fundi wa vifungo ni umbali gani. Zile nguo zako zirudishe kabatini.

Kwanza lako la lazima. Ni siku thelathini na sita na Mama hajakosa dawa hata mara moja. Siku moja nilichelewesha ya jioni kwa saa nzima, na nilikuandikia siku hiyohiyo. Kidonge changu hakinikumbushi chochote, Dada, watu wasidanganyike. Kinanipa tu nafasi ya kuitazama ile ratiba ya ukutani na kuiona. Meza ya kukata bado sijarudishiwa. Mapindo nayo ni kazi.

Sasa nikueleze nilichokiona, maana siku hizi macho yangu yanatua mahali.

Asubuhi moja nilimtazama Mama. Alianza kufagia. Akauacha ufagio mlangoni akatafute kitambaa cha kichwa. Kwenye kutafuta akakuta kopo langu la vifungo, akaketi akaanza kuvitenga kwa rangi. Maji aliyobandika yakachemka yakakauka. Alipokumbuka chai akabandika maji mengine, akaitia chumvi, akainywa, akakunja uso, akasema chai ya siku hizi haina adabu. Nikadhani ni uzee. Nikamwuliza kwa upole, "Mama, imeanza lini hali hii?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Ilianza nilipozaliwa. Wewe yako ulidhani umeitoa wapi, dukani?"

Dada, unaikumbuka ile nyumba yetu? Kila kikombe na msumari wake, kila ndoo na alama yake, na ole wako ukihamisha! Tulidhani ni ukali. Kumbe ni kamba alizojifungia asipotee. Na fimbo nilizokula mimi kwa kusahau? Nilimwuliza. Akasema, "Nilikuwa nikikuona najiona. Nikasema huyu nimkomeshe mapema, dunia isije ikamkomesha." Kisha akasema, "Nisamehe." Sijawahi kulisikia neno hilo kinywani mwa Mama. Sikujua niliweke wapi. Nikampikia chai nyingine.

Siku mbili baadaye akaniuliza, anajifanya anakunja nguo, "Hicho kidonge chako, kizee anaweza kupewa? Nataka sala moja tu. Moja, mpaka mwisho, nijue inakuwaje."

Nikampeleka. Daktari alimsikiliza muda mrefu kuliko mimi. Akampima presha, akasikiliza moyo, akarudia kupima. Akasema hapana, Mama, kwa presha hii na moyo huu dawa hii itakudhuru, siwezi. Mama akasema, "Asante, mwanangu," akachukua mkoba wake. Njia nzima nilitamani ningekuwa sijamwambia mtu yeyote kuhusu ule ukimya.

Alasiri nikamkuta amekaa kusali. Nikasema, "Mama, umeumia?" Akafumbua macho.

"Niumie nini? Miaka sabini na mitatu natoka na narudi. Nikishtuka niko kwenye mambo ya watu, narudi. Natoka tena, narudi tena. Hajanifungia mlango hata siku moja. Wewe ulimwandikia dada yako unauliza sala zako za nyuma zilikwenda wapi. Mtu anayerudi nyumbani mara mia kwa siku, utasema hapapendi? Wewe umepewa cha kukukalisha, kaa, umshukuru aliyekupa. Mimi niache nirudi."

Akafumba macho. Nikaketi kando yake, tukaanza pamoja. Sikuwa nimefika mbali nikamsikia anacheka peke yake, taratibu, na nikajua ameshatoka, yuko na watu wake huko. Nikamngoja.

Akarudi.

Mdogo wako,
Upepo